Karatasi za Moyo za Furaha Wawili

Siku ya kwanza niliyoingia katika chumba cha mashine ya moyo, mgonjwa nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, binti wa wakulima wa maharagwe wa milima ya Masisi, na nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kuzalisha akina mama. Nilipoitwa na Dokta nilidhani nimekosea jambo wodini. Akaniambia nivue viatu nilale kitandani. Akanifunga vibati vidogo vya chuma kwenye mikono na miguu, chini ya kila kibati akaweka kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, halafu akabonyeza kitufe. Kalamu yenye joto ikaanza kurukaruka juu ya utepe mrefu wa karatasi.

Aliukata utepe akaniwekea mbele ya macho.

"Unaona? Moyo yako iko nakimbia. Iko na woga," akasema. "Kila mugonjwa mwenye atalala hapa atasikia vile unasikia leo. Usisahau."

Dokta alitoka Haiti, nchi ya watu weusi ng'ambo ya bahari wanaosema Kifaransa. Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, Wabelgiji wengi walipokuwa wameondoka, Wahaiti kadhaa walikuja kufanya kazi kwetu. Huyu wetu alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na alijifunza Kiswahili chetu kutoka kwa wagonjwa, si kutoka kwa kitabu. Alinichagua kwa sababu moja tu: wanawake wa milimani walikataa kufunua kifua mbele ya mwanamume, na yeye alihitaji mioyo ya wanawake pia. Kazi yangu ikawa kuwafunga vibati, kuendesha mashine, kukata tepe na kuzibandika kwenye fishi, yaani kadi ngumu ya kila mgonjwa.

Ninyi mnaofanya kazi hii leo mna mashine inayojisomea yenyewe. Yetu ilikuwa sanduku zito, tukilibeba watu wawili. Umeme wake ulitoka kwenye jenereta ya hospitali, tuliyoiita groupe, na groupe ilikuwa adui yangu. Ilipokuwa ikinguruma, ilitia mtetemo kwenye mstari: meno madogo madogo yaliyofuatana sawasawa kama meno ya kitana. Ili kuupunguza, tulifunga waya kwenye bomba la maji ili umeme uliopotea ushuke ardhini, na wakati wa kiangazi nilimwagia maji pale bomba lilipoingia kwenye udongo. Siku nyingine mtetemo ulikubali kuondoka. Siku nyingine ulikataa kabisa, na Dokta akaniambia niache, yeye atasoma hivyo hivyo.

Mwanzoni mimi sikujua kusoma tepe hizo. Niliona milima na mabonde tu. Ilichukua muda mrefu kabla Dokta hajaanza kunifundisha kwamba kilima kidogo cha kwanza ni umeme ukipita vyumba vya juu vya moyo, mnara mrefu ni vyumba vya chini vikijikaza, na kilima cha mwisho ni moyo ukijitayarisha kwa pigo lingine. Nafasi kati ya kilima na mnara inahesabiwa kwa vijiraba, yaani miraba midogo ya karatasi. Ikirefuka, umeme unachelewa njiani. Kilima cha mwisho kikilala au kikipinduka, nyama ya moyo imeumizwa. Elimu hiyo inaitwa elektrofisiolojia, na Dokta aliipenda kuliko chakula.

Swali lililomshika lilitoka kwa wagonjwa wetu wenyewe. Watu wengi walikuja na kuhara damu kwa sababu ya amiba, na dawa yake wakati ule ilikuwa sindano ya emetini, kila siku moja kwa siku kadhaa. Dawa hiyo iliponya tumbo, lakini kwa wengine ilisumbua moyo: mapigo yaliruka, umeme ukachelewa. Kanuni ilikuwa kuacha sindano mara moja utepe unapobadilika. Lakini ukiacha mapema, amiba inarudi, na inaweza kuingia kwenye ini na kumuua mtu. Kwa hiyo Dokta aliuliza: je, ni lazima kuacha? Au moyo unajirekebisha hata sindano zikiendelea?

Wagonjwa wengi waliofuatiliwa walikuwa na mabadiliko madogo. Walioharibika vibaya walikuwa wawili tu, wote wanawake, na wote waliitwa Furaha. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Kashuga, alilazwa kwetu, na sindano zake zilisimamishwa baada ya ile ya tano. Wa pili alitoka Hombo, na alitibiwa katika zahanati moja upande wa Walikale, ambako tulikwenda kila mwezi kwa jeep. Barua ya Dokta ya kusema waache sindano ilikwama njiani kwa mvua. Muuguzi wa kule, bila kosa lolote, akamaliza duru yote.

Majuma yalipopita, niliwapima tena wote wawili katika juma moja. Furaha wa Kashuga nilimpima Jumatatu hospitalini kwetu, siku ambayo groupe ilinishinda kabisa. Furaha wa Hombo nilimpima Alhamisi kule Walikale, ambako hakukuwa na groupe. Tulitumia betri za gari, na kwa betri mstari unatoka safi kama uzi. Dokta alikuwa akipasua siku nzima, kwa hiyo nilipima peke yangu wagonjwa wengi, mmoja baada ya mwingine, nikakunja tepe nikazitia kwenye sanduku.

Jumamosi gari la kupeleka barua Goma lilikuwa linaondoka saa sita mchana, na Dokta alitaka makala yake iondoke nalo. Nilikaa mezani na wembe na chupa ya gundi. Nyuma ya kila utepe nilikuwa nimeandika jina kwa kalamu ya risasi: Furaha K., Furaha H. Katikati ya kazi Masœur mkuu wa wauguzi, mtawa Mbelgiji aliyetembea haraka kuliko sisi vijana, alinifungulia mlango akasema kuna mama anazaa na hakuna mtu. Nikaenda. Mtoto alitoka salama. Nikarudi mbio, mikono bado imelowa, Dokta amesimama mlangoni akiangalia saa, nikamalizia kubandika. Gundi ikafunika majina, naye Dokta akazipiga picha zile fishi kwa kamera yake, filamu iende pamoja na makala.

Kabla gari halijaondoka nilimwona Dokta akiwa na furaha kama bwana arusi. Tepe zilionyesha jambo ambalo hakulitegemea. Furaha wa Hombo, aliyepigwa sindano zote, moyo wake ulikuwa umerudi sawa. Furaha wa Kashuga, aliyeachishwa mapema, moyo wake bado ulikuwa mbaya. Dokta akasema huyo labda alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani. Aliongeza ukurasa mmoja kwa mkono, akisema kwamba kuacha sindano si lazima. Na akamtuma mtu Walikale akamwambie Furaha wa Hombo kwamba amepona, anaweza kurudi shambani.

Makala ilitoka Ulaya baada ya zaidi ya mwaka, katika jarida la madaktari wa moyo. Sikuelewa ukubwa wa jambo hilo mpaka kadi zilipoanza kufika. Siku zile hakukuwa na mashine ya kunakili kila mahali. Daktari aliyetaka kusoma makala alimwandikia mwandishi kadi ya posta kuomba nakala yake iliyopigwa chapa peke yake, na mwandishi akamtumia. Kadi zilitoka Ubelgiji, Brazili, India, Misri, nchi ambazo majina yake niliyajua kwa ramani ya shule tu. Nakala zikishatumwa, Masœur alikata stempu nzuri za kadi hizo kwa mkasi na kuwatumia ndugu zake waliozikusanya. Dokta alizipanga kadi katika sanduku la sabuni, na jioni alizisoma tena moja moja. Mkaguzi wa afya wa mkoa alikuja kumpa mkono. Profesa mmoja wa Ulaya aliandika kwamba kuna nafasi katika maabara yake, na angefurahi kumpokea daktari huyo wa milimani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutia nakala katika bahasha na kuandika anwani. Nilijivuna. Nilikuwa nimebandika zile tepe kwa mikono yangu.

Wakati huo tulimpokea Papa Kambale, dereva na mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye lori lililopeleka chumvi na sabuni Walikale na kurudi na mafuta ya mawese. Alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila asubuhi, na mcheshi sana. Alimwambia Masœur kwamba amiba zake zimekula vizuri kuliko yeye. Siku ya tano ya emetini nilimpima, na kwa sababu nilikuwa sasa najua kusoma, niliona hatari kabla Dokta hajafika. Umeme ulikuwa unachelewa. Kilima cha mwisho kilikuwa kimelala. Kila baada ya mapigo machache moja liliruka. Dokta alitazama akasema tuendelee. Makala yetu imeonyesha kwamba itapita. Siku ya sita tukaendelea.

Siku ya saba, asubuhi, nilikuwa natia nakala katika bahasha kabla ya zamu. Sindano ya Papa Kambale ilikuwa saa nne. Nilifungua nakala moja kuhakikisha haina ukurasa uliokunjika, na jicho likaangukia picha ya tatu, picha yenye jina la herufi moja: mgonjwa F., Walikale, baada ya duru kamili ya sindano. Moyo ulikuwa mzuri. Lakini mstari ulikuwa na meno.

Niliitazama muda mrefu. Yalikuwa madogo, chapa ilikuwa imeyafifisha, mtu mwingine angedhani ni uchafu wa wino. Mimi niliyajua kama ninavyojua sauti ya mama yangu. Yale ni meno ya groupe. Na Walikale hapakuwa na groupe.

Nilijaribu kujidanganya: labda betri siku ile zilikuwa na hitilafu, labda waya uligusana. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa fishi zote mbili. Kwenye fishi ya Furaha wa Kashuga, aliyepimwa siku ambayo mtetemo ulinishinda, mstari ulikuwa safi kama uzi. Nikajua. Lakini kujua peke yangu hakukutosha. Ni nani angemwamini msaidizi dhidi ya jarida la Ulaya? Nikachukua fishi ya Hombo hadi kwenye chombo cha kuchemshia sindano, nikaishika juu ya mvuke. Niliogopa kwamba utepe utapasuka na nitakuwa nimeharibu kazi ya watu. Gundi ililainika pole pole. Nikainua pembe kwa ncha ya wembe. Mwandiko wangu ulikuwepo pale nyuma, umefifia: Furaha K.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo. Nilimkuta Masœur tayari anavuta dawa kwenye sindano. Nikamwomba angoje. Akauliza kwa amri ya nani. Nikasema bado hakuna amri, namtafuta Dokta. Akanijibu, bila ukali, kwamba Dokta yuko chumba cha upasuaji, na amri iliyoandikwa inasema saa nne. Katika hospitali hatuachi dawa kwa sababu msichana anatetemeka. Papa Kambale alikuwa anatutazama kutoka kitandani, mkono wa shati ameshaukunja.

Hakuna aliyewahi kugonga mlango wa upasuaji kazi ikiendelea. Nikagonga. Nikasema kupitia mlango kwamba ni mimi. Dokta akauliza kama kuna mtu anakufa.

"Baache! Basimupige Papa Kambale sindano," nikasema. "Picha ya mu revue, mu ile jarida ya Ulaya, iko ya uongo. Nilibandika utepe ya Furaha wa Kashuga pa fishi ya Furaha wa Hombo. Mimi njo nilikosea."

Nilisikia chuma kikiwekwa juu ya sahani.

"Una hakika?"

"Jina iko nyuma ya utepe. Nimeliona."

"Ambia Masœur aache," akasema. "Leo na kesho, mpaka nitasema."

Nilikimbia. Masœur alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshapaka spiriti mkononi mwa Papa Kambale. Aliusikiliza ujumbe, akanitazama usoni, akairudisha sindano kwenye sahani. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Papa Kambale akaniuliza kama ni yeye mgonjwa au ni mimi.

Dokta alipotoka kupasua alikuja chumba cha mashine, akaweka fishi mbili kando kwa kando, akachukua lenzi yake. Alihesabu vijiraba, akaandika, akahesabu tena. Mwishowe akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema Masœur na mimi. Akatikisa kichwa, akaniambia nitoke.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Hakunisemesha. Nilifikiri nitafukuzwa, na nikaona nastahili. Halafu nikapata hofu mbaya zaidi: kwamba hatanifukuza, kwamba atalinyamazia jambo lile. Barua ya profesa ilikuwa juu ya meza yake, na tiketi ya kwenda Ulaya ilikuwa inazungumzwa. Fishi mbili zingeweza kuungua katika jiko la hospitali, na ni watu watatu tu waliojua. Na Papa Kambale hakuwa salama. Emetini haitoki mwilini kwa haraka. Hata baada ya kuacha, moyo wake uliendelea kuharibika. Nilimpima asubuhi, mchana na jioni, na kila utepe niliandika jina upande wa mbele, kwa wino, kabla ya kuukata. Alikatazwa hata kukaa. Aliacha kufanya mzaha. Aliniomba, kama akifa, mtu asimwambie mkewe kwamba alikuwa ameshaanza kujisikia vizuri, kwa sababu hilo lingemuumiza zaidi.

Siku ya tatu Dokta aliniita. Sanduku la sabuni lilikuwa wazi mezani, kadi zote zimemwagwa.

"Kila carte iko na muntu mwenye alisoma uongo yetu," akasema. "Jarida itachapisha rectification, ni kusema marekebisho, lakini itachukua miezi, na wengi hawataiona. Tutaandikia bote. Moja moja."

Alisema uongo yetu. Hakusema yako. Nilikuwa nimekaa siku tatu bila kulia, na neno hilo dogo ndilo lililoniliza.

Aliandika barua moja fupi kwa Kifaransa na moja kwa Kiingereza: kwamba picha ya tatu na ya nne zimebadilishana wenyewe, kwamba mgonjwa aliyeendelea na sindano ndiye aliyeumia, kwamba utepe ukibadilika, dawa iachwe. Kisha tukanakili kwa mkono, yeye, Masœur na mimi, kila siku baada ya kazi, mpaka vidole vikaota sugu. Masœur aliandika nyingi kuliko sisi. Ni yeye aliyegundua kwamba kwenye kadi kadhaa mkasi wake ulikuwa umekata stempu upande mmoja na kuondoka na anwani upande wa pili. Hakujitetea. Aliwaandikia ndugu zake akiwaomba wazirudishe, lakini stempu zilikuwa zimeshaloweshwa na kubanduliwa, na vipande vya kadi kutupwa.

Papa Kambale alipona. Ilichukua majuma mengi. Siku kilima cha mwisho kiliposimama tena kwenye utepe wake, Dokta alimwonyesha, naye akasema anaona barabara ya Walikale, na hapo pa juu ndipo lori lake huwa linakwama. Alirudi kwenye biashara yake akiwa na mtu wa kumwendeshea, na kwa miaka mingi kila alipopita alituachia chumvi.

Alibaki Furaha wa Hombo. Tulimfuata kwa jeep, Dokta na mimi, tukateremka kutoka baridi ya milima hadi joto la msitu, na njia nzima nilikuwa naogopa kuonyeshwa kaburi. Tulimkuta nyumbani kwa mama yake, karibu na soko la barabarani, anamenya mihogo. Alikuwa hai. Lakini hakuwa na mume tena. Baada ya ujumbe wetu alirudi shambani na kubeba kikapu, akaanguka njiani. Alipofungua macho watu walikuwa wamesimama mbali naye. Akaanguka tena, na tena. Ukoo wa mume ukasema ana pepo, wakamrudisha kwa mama yake, na watoto wake wawili wakabaki kule.

Dokta alimweleza yote mbele ya mama yake na wazee wa mtaa: dawa ilikuwa yetu, kosa lilikuwa letu, pepo hakuna. Furaha alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kumenya.

"Mulituma neno kama nimepona," akasema. "Njo nikarudi ku shamba. Leo mukisema nimepona, nitaamini namna gani?"

Nilimpima kwa betri, mstari ukatoka safi, na moyo wake, baada ya muda wote ule, ulikuwa umerudi sawa. Nilimwonyesha kila pigo kwa kidole. Nilipomaliza, akaiomba ile karatasi. Tukampa nusu, Dokta ameandika juu yake na kutia sahihi. Wazee waliipeleka kwa ukoo wa mume. Nilisikia baadaye kwamba watoto waliruhusiwa kwenda kwake siku za soko. Mume hakurudi.

Profesa alimwandikia Dokta barua ya adabu, akimsifu kwa ukweli wake, na kusema kwamba ile nafasi kwa bahati mbaya haipo tena. Marekebisho yalichapishwa katika jarida, chini kabisa ya ukurasa, mistari michache yenye maelezo kwamba kosa liligunduliwa na muuguzi aliyebandika tepe. Jina langu lilikuwepo, limekosewa herufi moja. Wale waliokuwa wameomba makala walijaza sanduku. Walioomba marekebisho walikuwa watatu. Lakini kwa barua tulizonakili majibu yalifika kidogo kidogo, mengi ya asante tu. Moja, kutoka hospitali ya mji nisioujua, lilikuwa na sentensi moja: tumeacha sindano ya leo.

Dokta alikaa nasi miaka miwili zaidi, akaenda kufundisha nchi nyingine ya Afrika. Tulipoagana alinipa lenzi yake. Mimi nilihamishiwa Kirotshe, kando ya ziwa, kisha Goma, nikafundisha wasichana wengi kufunga vibati na kusoma vijiraba, mpaka nilipostaafu nikiwa na miwani mizito na mgongo usionyooka.

Vijana wananiuliza kama najivunia kwamba jina langu limo katika jarida la moyo. Nawajibu kwamba kazi iliyochapishwa haikai kabatini kwako. Inakwenda kwa watu usiowaona, inaingia kwenye mikono yao na kwenye sindano zao, na huwezi kuiita irudi kama unavyomwita mtoto. Karibuni daktari mmoja kijana alinionyesha kwamba makala yetu bado inatajwa katika orodha za vitabu, na marekebisho hayatajwi. Aliona nimebadilika uso, akanituliza: emetini haitumiki tena namna ile, Mama, hakuna wa kudhurika.

Ni kweli, na ningepaswa kutulia. Lakini kadi zilizopoteza anwani kwa mkasi, ambazo wenyewe hawakupata barua yetu, zilikuwa saba. Nilizishika mara nyingi kwenye mwanga wa dirisha nikijaribu kusoma kilichobaki. Sita hazikuwa na kitu. Ya saba ilibakiwa na maneno machache ya anwani, bila mji, bila nchi: hospitali ya watoto.